Jina la Marehemu Katika Jiwe: Historia ya Kumbukumbu za Vita Kutoka Mnara wa Askari wa Nairobi Hadi Kaburi la John Garang, Juba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kumbukumbu za vita katika Afrika Mashariki kwa kuangalia jambo moja ambalo watafiti wa historia na wa lugha wamelipita haraka: nani anatajwa kwa jina, nani anatajwa kwa cheo au kazi tu, na kwa lugha ipi. Tunaanzia kwenye minara ya askari iliyosimamishwa Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi katika miaka ya 1927 na 1928, tunafuatilia uhusiano wake na askari waliotoka eneo la Ikweta lililo leo Sudan Kusini, kisha tunafika kwenye kaburi la Dkt. John Garang mjini Juba. Tunadai kwamba kumbukumbu za eneo letu zimerithi desturi ya kuheshimu wafu kwa jumla bila kuwataja, na kwamba desturi hiyo ina gharama kwa nchi inayotafuta maridhiano. Mwishoni tunatoa mapendekezo kwa watunga sera wa Juba na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mji wa Juba una mlima wake. Jebel Kujur, ambao Wabari huuita Körök, unaonekana upande wa magharibi kutoka karibu kila mtaa. Kituo cha Umoja wa Mataifa walikokimbilia maelfu ya raia baada ya mapigano ya tarehe 15 Desemba 2013 kilikuwa upande huo wa mlima. Katikati ya mji lipo kaburi la Dkt. John Garang de Mabior, mahali ambapo taifa la Sudan Kusini lilitangazwa tarehe 9 Julai 2011. Kati ya kaburi hilo na mlima ule kuna maswali ambayo makala haya yanajaribu kuyaweka wazi. Taifa hukumbuka wafu wake kwa utaratibu gani? Je, mtu aliyekufa bila cheo ana nafasi gani katika kumbukumbu hiyo?

Swali hili ni la historia, lakini pia ni la lugha. Mnara wa kumbukumbu ni matini. Una mwandishi, una hadhira, una msamiati uliochaguliwa na msamiati ulioachwa. Kwa sababu hiyo tunausoma kama mtafiti wa lugha anavyosoma matini nyingine yoyote, kwa kuuliza kilichosemwa, kilichonyamaziwa, na aliyetarajiwa kusoma.

2.0 Minara ya 1927 na 1928: heshima bila majina

Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa Afrika Mashariki kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918. Mapigano yake ya mwanzo yalitokea katika nchi ya Taita na Taveta, ambako tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalijaribu kuuteka mlima Salaita yakarudishwa nyuma. Baada ya hapo vita vilihamia kusini, vikapita Tanganyika nzima hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini. Katika nchi isiyo na barabara wala wanyama wa kubeba mizigo wasioshindwa na mbung'o, vita vilibebwa na binadamu. Wapagazi walioandikishwa na upande wa Uingereza walikuwa mamia ya maelfu, na makadirio ya wanahistoria yanaweka waliokufa karibu na laki moja, wengi wao kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa.

Baada ya vita, serikali ya kikoloni ilisimamisha sanamu za shaba Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1927, na Nairobi mwaka 1928. Mchongaji alikuwa James Alexander Stevenson. Ile ya Dar es Salaam inamwonyesha askari mmoja akielekeza bunduki yake mbele. Ile ya Nairobi ina watu watatu, akiwemo mpagazi. Maneno ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling, na matini yamechorwa kwa Kiingereza na Kiswahili, kwa hati za Kilatini na za Kiarabu.

Matini hayo yana mambo matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, Kiswahili kilipewa nafasi katika jiwe rasmi la dola wakati ambapo usanifishaji wake ulikuwa ndio kwanza unaanza. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, miaka miwili baada ya mnara wa Nairobi. Aliyeamua hivyo alijua kwamba lugha ya jeshi, na kwa hiyo lugha ya wafiwa wengi, ilikuwa Kiswahili.

Pili, wapagazi wanaelezwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sitiari hiyo ni ya sifa, na pengine aliyeitunga alikusudia sifa. Lakini miguu na mikono ni viungo vya mwili wa mtu mwingine, na kiungo hakiitwi kwa jina.

Tatu, matini yanahitimisha kwa ahadi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imechorwa juu ya jiwe lisilo na jina hata moja. Kazi ya kukumbuka imekabidhiwa watoto, nayo dola imejiondoa. Haikuwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa atatajwa kwa jina bila kujali cheo, haikuutekeleza msingi huo kwa Waafrika wa eneo hili. Ripoti ya kamati maalumu ya Tume hiyo, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo kumbukumbu ya kweli ya wapagazi haikubaki katika shaba. Ilibaki mdomoni mwa watu. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lilitoholewa likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Kila anayekwenda sokoni Kariakoo hutamka jina la kikosi hicho, ingawa wengi hawalijui hilo. Hata hivyo, hilo nalo ni jina la kikosi. Jina la mtu halimo.

3.0 Watu wa Ikweta katika shaba ya Nairobi

Msomaji wa Juba anaweza kuuliza minara hii inamhusu nini. Jibu limo katika historia ya jeshi lenyewe.

Katika miaka ya 1880 Emin Pasha alitawala Jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri akiwa Lado, ng'ambo ya magharibi ya Nile, kaskazini kidogo ya Juba ya leo. Vita vya Mahdi vilipomkatia njia ya Khartoum, alibaki na askari wake bila mshahara wala msaada. Mwaka 1889 aliondoka na Stanley kuelekea pwani, lakini sehemu kubwa ya askari ilibaki nyuma chini ya Selim Bey karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta huko, akawaingiza katika utumishi wa kampuni ya Kiingereza nchini Uganda. Mwaka 1897 wengi wao waliasi kwa sababu ya safari zisizokwisha na mishahara duni iliyocheleweshwa, na uasi huo ukazimwa kwa damu nyingi. Hata hivyo waliobaki na watoto wao wakawa miongoni mwa kiini cha jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Upande wa pili, Hermann von Wissmann alikuwa ameandikisha Wasudani wapatao 600 huko Misri mwaka 1889 ili kupambana na Abushiri pwani ya Tanganyika. Hivyo watu wa asili ya Sudan walihudumu katika majeshi yote mawili ambayo baadaye yalipigana.

Wazao wao ni Wanubi wa Uganda na Kenya. Lugha yao, Kinubi, ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Zote mbili zilizaliwa katika kambi za kijeshi za Sudan ya kusini ya karne ya 19, na msemaji wa moja humfahamu wa nyingine kwa kiasi kikubwa. Jina la Kibra, ambalo wengi huandika Kibera, ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanajeshi hao wastaafu walipewa eneo hilo wakae mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hawakupewa hati. Vizazi kadhaa viliishi hapo kama wapangaji wa dola waliyoipigania, mpaka mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilipowakabidhi hatimiliki ya eka 288.

Hapa ndipo kukosekana kwa majina kunapoonyesha gharama yake. Ukumbusho wa mawe ulisema kwamba askari wa Afrika walipigana. Haukusema ni nani, mtoto wa nani, wa kutoka wapi. Mnubi aliyedai ardhi katika miaka iliyofuata hakuwa na jiwe la kuonyesha. Tunashikilia kwamba mnara wa Nairobi ni sehemu ya historia ya Sudan Kusini, na kwamba somo lake ni onyo: heshima ya jumla haimzuii mtu kusahauliwa, na haimpi mzao wake chochote cha kushika.

4.0 Kaburi la Juba: jina moja kwa niaba ya wote

Vita viwili vilivyoizaa Sudan Kusini vilianza kwa maasi mawili: lile la Torit la tarehe 18 Agosti 1955 na lile la Bor la tarehe 16 Mei 1983. Vita vya kwanza vilikoma kwa Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, na vya pili kwa mkataba uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Makadirio yanayotajwa sana huweka waliokufa katika vita vya pili karibu milioni mbili, wengi wao raia waliouawa na njaa na maradhi.

Garang aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan tarehe 9 Julai 2005. Siku 21 baadaye, tarehe 30 Julai, helikopta ya Rais wa Uganda iliyomchukua kutoka Uganda ilianguka katika milima ya Ikweta Mashariki, karibu na mpaka. Walikufa watu 14: yeye, wasaidizi wake sita na Waganda saba wa helikopta. Ghasia zilizofuata Khartoum na Juba ziliua wengine wengi. Mwili wake ulipitishwa katika miji kadhaa ili watu wauage, kisha akazikwa Juba tarehe 6 Agosti, karibu na Kanisa Kuu la All Saints.

Kaburi hilo likawa uwanja wa taifa. Tarehe 9 Julai 2011, mbele ya umati uliojaa tangu alfajiri, Spika James Wani Igga alisoma tangazo la uhuru hapo, Rais Salva Kiir akaapishwa hapo, na sanamu ya Garang ikafunuliwa hapo. Tarehe 30 Julai ya kila mwaka ni siku ya kuwakumbuka waliokufa katika mapambano yote. Kwa mpangilio huo, jina moja limechukua nafasi ya mamilioni: anayemwekea Garang shada la maua huwa anawawekea na wale waliokufa Torit, Bor, na njiani kuelekea Ethiopia.

Mpango huu unaeleweka. Taifa changa lenye jamii zaidi ya 60 lilihitaji mahali pamoja pa kukutania, na hakuna aliyefaa zaidi kuwa kitovu chake. Lakini ukilinganisha na Nairobi utaona kwamba mantiki ni ileile iliyogeuzwa. Kule wafu wote waliwakilishwa na askari asiye na jina. Hapa wanawakilishwa na kiongozi mwenye jina. Katika hali zote mbili mama aliyempoteza mwanawe hana mahali pa kuweka kidole na kusema, huyu hapa ni wangu.

5.0 Msamiati wa kifo: shujaa, shahidi, marehemu

Lugha zetu zimechangia hali hii. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja aliyekufa katika vita, na kila neno hufungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

Shujaa ni neno la sifa. Ndilo lililochaguliwa na Tanzania kwa Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai, na na Kenya kwa siku ya tarehe 20 Oktoba, ambayo baada ya Katiba ya 2010 iliacha kuitwa kwa jina la Kenyatta. Mabadiliko hayo ya Kenya yalikuwa hatua ya maana, kwani sikukuu ya mtu mmoja iligeuzwa ya wengi. Lakini ushujaa hupimwa kwa tendo. Mtoto aliyeuawa akiwa mgongoni mwa mamaye hakutenda lolote. Neno hili halimpokei.

Shahidi limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana mbili: aliyeshuhudia na aliyekufa kwa ajili ya imani au taifa. Katika Kiarabu cha Juba wingi wake, shuhada, hutumika kwa waliokufa katika ukombozi. Katika Kiswahili maana ya kwanza ndiyo yenye nguvu, ingawa tunasema mashahidi wa Uganda kwa waliouawa Namugongo mwaka 1886. Neno hili nalo lina sharti: lazima kifo kiwe kwa ajili ya jambo. Aliyeuawa kwa sababu ya lugha iliyosikika kinywani mwake hakuchagua jambo lolote.

Yamebaki hayati na marehemu. Matumizi yetu yamewagawia watu maneno haya kwa daraja: kiongozi ni hayati, mtu wa kawaida ni marehemu. Hata hivyo, marehemu ndilo neno pana kuliko yote. Halidai tendo wala sababu. Linadai jina tu, kwa kuwa hatusemi marehemu bila kuongeza fulani.

Jamii za Sudan Kusini zinalijua deni hili la jina kuliko sisi tunaoandika juu yake. Miongoni mwa Wanuer na Wadinka, mwanamume akifa bila mtoto, ndugu yake huweza kuoa mke kwa jina la marehemu, na watoto wanaozaliwa huwa wa marehemu huyo. Evans-Pritchard aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu ukoo na ndoa za Wanuer. Ng'ombe hutolewa ili jina lisizimike. Ni vigumu kudai kwamba kutaja majina ya wafu ni fikra ya kigeni katika nchi ambayo familia hulipa mahari kwa ajili hiyo.

6.0 Vilima vya Rwanda na orodha ya Juba

Jirani yetu Rwanda amechukua njia nyingine. Kumbukumbu za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 zimewekwa mahali penyewe palipotokea mauaji au mazishi, na nchi hiyo ikiwa ya vilima, nyingi ziko vilimani: Gisozi mjini Kigali, Murambi, na Bisesero ambako watu walijitetea kwa mawe na mikuki. Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa watu zaidi ya 250,000, na upo ukuta wa majina ambao haujakamilika kwa sababu majina bado yanatafutwa. Mwaka 2023 kumbukumbu nne, pamoja na Nyamata, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Hoja yetu si kwamba Juba iige Rwanda, kwa kuwa historia zao ni tofauti na Sudan Kusini haina upande mmoja wa waliouawa. Tunachochukua ni kanuni kwamba raia anaweza kuwa kiini cha kumbukumbu ya taifa, na kwamba ukuta usiokamilika si aibu.

Juba yenyewe imeshaanza. Baada ya Desemba 2013 raia waliunda mpango wa kukusanya na kusoma hadharani majina ya waliopotea, bila kujali kabila wala upande, wakirudi nyuma hadi 1955. Kazi hiyo imefanywa bila jiwe na kwa fedha kidogo. Inastahili kuitwa kumbukumbu ya kwanza ya vita nchini humo iliyomtaja mtu wa kawaida.

Haja yake ni kubwa. Utafiti wa Chuo cha Usafi na Tiba ya Tropiki cha London, uliotolewa mwaka 2018, ulikadiria kwamba vita vilivyoanza Desemba 2013 vilisababisha vifo karibu 400,000 ambavyo visingetokea, nusu yake hivi kwa silaha. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Afrika ilithibitisha mauaji ya raia wa Kinuer mjini Juba, na pia maovu ya pande zote Bor, Bentiu na Malakal.

7.0 Hofu ya majina

Zipo pingamizi mbili za kweli. Ya kwanza ni kwamba katika Sudan Kusini jina hutangaza kabila. Orodha ya wafu yaweza kusomwa kama hesabu ya deni, na msomaji akaanza kuhesabu wangapi ni wa nani. Pingamizi hii ni nzito, lakini ukimya hauiondoi. Hesabu hizo hufanyika tayari, katika kila boma na kila kambi, kila upande ukihesabu wake tu. Orodha ya pamoja ndiyo pekee inayomlazimu msomaji kupita jina la jirani kabla ya kufika la ndugu yake.

Ya pili ni ya kiutendaji: majina hayapatikani. Hapa historia ya minara ya kikoloni inatufaa kwa mara nyingine. Januari 2025 ilizinduliwa Cape Town kumbukumbu ya watumishi weusi wa kijeshi wa Afrika Kusini waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, yenye majina zaidi ya 1,700. Yalipatikana baada ya miaka 100 na zaidi. Ya Juba yanaweza kuulizwa leo, kwa wajane na kaka ambao wangali hai. Kila mwaka unaopita hugeuza swali la mahojiano kuwa swali la nyaraka ambazo hazikuandikwa.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Sura ya Tano ya mkataba wa amani wa 2018 inaitaka nchi iunde tume ya ukweli, maridhiano na uponyaji, pamoja na mamlaka ya fidia. Sheria za kuunda vyombo hivyo zilipitishwa mwaka 2024. Kwa kuzingatia historia tuliyoieleza, tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, daftari la majina litangulie jiwe. Mnara uliojengwa kabla ya orodha hautakuwa na haja ya orodha, kama Nairobi ilivyothibitisha.

Pili, majina yaandikwe jinsi familia zinavyoyatamka, kwa tahajia ya lugha zao. Katiba ya Mpito ya 2011 inazitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa, na hapa ni mahali pa kuonyesha kwamba kifungu hicho kina maana. Maelezo ya jumla yaandikwe kwa Kiingereza, ambacho ni lugha rasmi ya kazi, kwa Kiarabu cha Juba, ambacho ndicho kinachosikika sokoni, na kwa Kiswahili, lugha ya eneo ambalo Sudan Kusini ilijiunga nalo mwaka 2016.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isaidie kuandaa msamiati wa kumbukumbu na maridhiano unaomhusisha raia, badala ya kuegemea ushujaa pekee. Kufasiri hati za tume kwa neno mashujaa kutawatoa nje wengi wa waliokufa kabla kazi haijaanza.

Nne, Kenya, Uganda na Sudan Kusini ziwatambue pamoja askari wa Ikweta na wazao wao Wanubi katika maelezo yanayoambatana na mnara wa Nairobi.

Kaburi la Garang litabaki kuwa moyo wa kumbukumbu ya taifa, na linastahili. Tunachoomba ni kwamba Waganda saba na wasaidizi sita waliokufa naye watajwe kila tarehe 30 Julai pamoja naye. Ni watu 13 tu, majina yao yanajulikana, na kuyasoma hakuchukui dakika moja. Nchi ikishazoea kuyasikia hayo, itakuwa imeanza kujifunza kuyasikia mengine.